Naenda Ujerumani Desemba kumtembelea binti: koti la Mlango Mmoja litanitosha?

MamaCherehani_Kirumba

Habari za jioni wana jukwaa. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba mapema kabisa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, Mwanza, mwaka wa 22 sasa. Binti yangu wa pili yuko Würzburg, anasomea uuguzi huku anafanya kazi wodini, na hajaja nyumbani tangu aondoke. Ameniambia, "Mama, Krismasi hii usipokuja nitakula peke yangu mbele ya dirisha." Nani angekataa hapo? Viza imetoka wiki iliyopita, baada ya kwenda Dar mara mbili kwa basi na kurudi na mgongo usio wangu. Tiketi sijakata. Hesabu yangu ni kufika tarehe 23 Desemba nikae hadi Januari 10, maana hadi tarehe 22 nina nguo za watu za sikukuu, na mteja wa Krismasi mnamjua, hana msamaha.

Sasa nisaidieni. Baridi kali kuliko zote niliyowahi kuiona ni ya Makete, mwezi wa saba, kwenye harusi ya shemeji. Nililala na blanketi mbili na kanga tatu, na bado meno yaliimba. Binti ananiambia Makete ni joto. Je, hayo makoti ya mtumba ya soko la Mlango Mmoja, yale wanayovaa bodaboda asubuhi, yanafaa, au nikanunue jipya hukohuko? Viatu je? Mdogo wangu anauza dagaa mwaloni, ana gambuti zake safi, anasema nichukue hizo.

La pili, chakula. Binti ameagiza dagaa, unga wa muhogo na maembe. Jirani yangu kaapa kwamba uwanja wa ndege wanatupa vyote na faini juu.

La tatu, anataka kunizungusha: Nuremberg, Köln, Dresden, kuona hayo masoko yao ya Krismasi. Goti langu la kushoto halitaki ngazi. Nichague wapi?

Na tafadhali, asiniambie mtu "mama wewe kaa nyumbani". Huyo nimeshamsikia kanisani.

---

Nyegezi_Mpaka_Main

Mwangaluka mayu! Mimi nilisoma Würzburg miaka mitatu, nimerudi Nyegezi. Nimefurahi kusikia mji huo maana ndio pacha wa Mwanza wetu tangu 1966. Ukimwambia Mjerumani wa kawaida "Mwanza" atakukodolea macho, lakini wa Würzburg unaweza kukuta ana shangazi aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Bugando.

Kabla ya koti, kabla ya dagaa, kabla ya goti: BADILISHA TAREHE. Ukifika tarehe 23 umeshachelewa. Masoko ya Krismasi kule si ya Krismasi kama tunavyodhani sisi. Ni ya zile wiki nne za Majilio. Yanafunguliwa mwishoni mwa Novemba, na mengi yanavunjwa tarehe 23 au 24. La Nuremberg, ambalo ndilo maarufu kupita yote, linafungwa tarehe 24 mchana. Wewe utashuka na begi lako ukute mafundi wanang'oa misumari.

Halafu tarehe 24 yenyewe maduka yanafungwa mchana, saa nane hivi. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, kimya kitupu. Ikifuatia Jumapili, nayo maduka hayafunguliwi. Kwetu mkesha wa Krismasi mitaa ya Makoroboi haipitiki na wamachinga wanapiga kelele hadi saa sita usiku. Kule saa kumi jioni unasikia kisigino chako mwenyewe barabarani. Mwaka wangu wa kwanza sikujua. Nilikula mkate na jamu siku tatu.

Kwa hiyo mayu, nguo za watu mpe fundi mwenzio, wewe ukafike kati ya tarehe 10 na 15.

Jambo jingine wasilokwambia ni giza. Watu wanaogopa baridi, mimi kilichonitesa ni giza. Mwezi wa 12 jua linatoka saa mbili asubuhi na kitu, na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Hata likiwepo, limejificha nyuma ya wingu la rangi ya sufuria. Ndiyo maana wanawasha mataa na mishumaa kila dirisha. Nilidhani ni urembo. Baada ya wiki mbili nilinunua yangu.

Gambuti acha hapohapo mwaloni. Mpira unapitisha baridi moja kwa moja mguuni.

---

MzeeWaBelo

Dada, mimi niko Mlango Mmoja, makoti ndiyo kazi yangu. Nitasema ukweli hata kama naharibu biashara.

Hayo ya bodaboda mengi ni ya polista nyepesi. Yanazuia upepo wa asubuhi wa Nyakato, baridi ya kule hapana. Usichague kwa unene, chagua kwa kibandiko. Makoti mengi kwenye belo yanatoka hukohuko Ujerumani, kwa hiyo maandishi ni yao. Ukiona Schurwolle, hiyo ni sufu ya kondoo, chukua. Ukiona Daunen, ndani kuna manyoya laini ya ndege, chukua haraka, funga mdomo, usinionyeshe kuwa umefurahi. Ukiona Polyester peke yake, endelea kuchambua. Futter ni bitana tu, usidanganyike ukasoma hapo. Soma palipoandikwa Obermaterial, hiyo ndiyo nguo ya nje.

Kibandiko kikiwa kimekatwa, wewe ni fundi, chomoa uzi kwenye pindo uuchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Polista inayeyuka, inabaki kidonge kigumu.

Liinue koti juani uangalie vitundu, nondo anapenda sufu kuliko sisi. Zipu ivute mara tatu. Hayo ya manyoya, yale yaliyoshonwa mistari mistari kama godoro, yafinye kwenye mshono uone kama manyoya yanatoka. Na mikono iwe mirefu ifunike kifundo, maana upepo unaingilia hapo.

Njoo Jumanne asubuhi nikifungua belo. Bei tutaongea, ila mapema nakwambia sufu ndefu gredi ya kwanza si ya elfu tano.

---

KijanaWaIgoma

Koti linatoka Ujerumani, linakuja Mwanza, mama analinunua, linapanda ndege kurudi Ujerumani. Hilo koti lina pasipoti kuliko mimi 😂

---

BintiUkerewe_Koeln

Shikamoo mama. Mimi ni wa Nansio, ninaishi Köln mwaka wa saba.

Nguo kwanza. Siri si koti moja kubwa, ni tabaka. Ndani kabisa fulana ya kubana na skintaiti, juu yake sweta ya sufu, kisha koti. Ukiingia ndani ya nyumba au treni kuna joto kama Mwanza mwezi wa kumi, na lazima uweze kuvua. Mama yangu alipokuja alivaa sweta mbili nzito chini ya gauni. Kwenye treni alitoka jasho hadi akaomba wasimamishe. Mzula, skafu na glavu usidharau, masikio ndiyo yanalia kwanza. Viatu nunua kubwa namba moja zaidi ili soksi nene iingie na vidole vipumue, soli iwe nene na yenye meno. Na mafuta ya mgando, mama, beba kopo kubwa. Ngozi inakauka hadi inapasuka kama tope la kiangazi.

Vitenge beba! Usije na nyeusi tupu kama wao. Kanisani tarehe 24 gauni la kitenge juu ya skintaiti ni sherehe tosha.

Chakula: jirani yako ana nusu ya ukweli. Nyama na maziwa, na chochote kilichotokana navyo, ni marufuku kuingiza kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Lakini samaki wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20. Kwa hiyo dagaa wako wanapita. Wakaushe vizuri, wafunge mifuko mitatu, kisha ndoo yenye mfuniko, maana begi likinuka utaulizwa tu. Maembe hapana, matunda yanataka cheti cha afya ya mimea. Matunda yasiyodaiwa cheti ni matano: ndizi, nazi, nanasi, tende na durian. Mwambie binti embe atalisubiri nyumbani.

Na sangara usibebe kabisa. Anauzwa hapa! Nenda friji la samaki la duka lolote kubwa, tafuta jina *Viktoriabarsch*. Minofu mitupu, haina mwiba. Siku ya kwanza kuiona nilisimama pale na kikapu nikacheka peke yangu. Nimekua nakula mapanki, kichwa na mifupa iliyobaki viwandani, nikaja kuona mnofu wa sangara kwa mara ya kwanza Köln, umegandishwa, kwa bei ya kunitoa machozi.

Goti: kanisa kuu la Köln liko mlangoni mwa stesheni kuu, ukitoka tu unaligonga. Lina mita 157 kwenda juu. Mnara wa kusini una ngazi 533 na lifti ya wageni hakuna, kwa hiyo mwache binti apande, wewe kaa ndani na mishumaa. Dresden ni mbali kutoka Würzburg, iache. Najua soko lao ni la tangu 1434 na ile keki nzito yenye zabibu, Stollen, ni ya kwao, lakini hiyo keki inauzwa kila mji. Nuremberg ni saa moja tu. Chukueni Bayern-Ticket, mnaweza kusafiri hadi watu watano kwa tiketi moja siku nzima kwa treni za mkoa. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, na treni za mwendo kasi haihusiki.

---

MamaCherehani_Kirumba

Marahaba mwanangu wa Nansio. Baba wa Nyegezi umeniokoa, nimekata tiketi ya kufika tarehe 13. Wateja wawili wamenuna, mmoja kachukua kitambaa chake. Sawa tu.

Mzee wa Belo nimekuja Jumanne, mimi ndiye yule mama aliyechoma uzi kwa kiberiti mbele ya wateja wako, samahani. Koti nimelipata: sufu, rangi ya kahawa mbichi, refu hadi chini ya goti. Bitana yake ilikuwa imechakaa kwapani. Nimeibandua yote. Nimeweka kitenge cha rangi ya chungwa chenye ndege, na kati ya kitenge na sufu nimetandika kipande cha blanketi jembamba, nikalishona kwa vipande vya almasi ili lisishuke. Mikono niliiongeza kwa kuachia pindo. Ndani ya kifua nimeweka mfuko wa pasipoti wenye kifungo. Kwa nje ni koti la mwalimu mstaafu. Nikilifungua, ni harusi.

Wabeja sana nyote. Nikirudi nitasimulia.

---

MamaCherehani_Kirumba

Nimerudi jamani! Leo ni siku ya tano, bado usingizi unachelewa kunijia maana saa zao ziko nyuma yetu mbili.

Niseme ukweli, kutoka mlango wa uwanja wa ndege pua ilifunga. Si baridi ya kutetemeka kama Makete. Ni baridi inayokuuma kwa kisu kidogo pale tu ulipoacha wazi. Koti lilifanya kazi, Mzee wa Belo Mungu akuweke. Viatu nilikosea: nilivaa vya ngozi vya soli laini siku ya kwanza, nikateleza kwenye mawe ya daraja la zamani la Würzburg. Nikakaa chini puu, mbele ya sanamu za watakatifu zilizopangwa pale darajani. Kijana mmoja akaninyanyua, koti likafunguka, ndege wa chungwa wakaonekana. Akasema neno ambalo binti alilitafsiri kuwa "lo, zuri!" Niliumia makalio lakini moyo ulipona.

Soko la Würzburg lipo uwanjani kando ya kanisa jekundu na jeupe. Vibanda vya mbao, harufu ya mdalasini, karafuu na lozi zinazokaangwa na sukari. Mimi ni mlokole, ile mvinyo ya moto sikuigusa, lakini wana ya watoto isiyo na kilevi, Kinderpunsch, tamu kama chai ya viungo iliyotiwa juisi. Unalipia na kikombe, ukirudisha unapewa hela yako, kama sisi na chupa za soda. Cha kwangu sikurudisha. Hela ya kikombe wakabaki nayo, kikombe kipo hapa mezani kina sindano.

Nuremberg tulikwenda kwa hiyo tiketi ya Bayern. Soseji zao ni ndogo kama kidole changu cha kati, wanakutilia tatu ndani ya mkate mmoja. Nilidhani wananipunja, nikaomba nyingine. Kumbe ndivyo zilivyo. Keki zao za viungo, Lebkuchen, nimeleta boksi mbili, moja imeisha stendi ya Nyegezi kabla sijafika nyumbani. Watu walikuwa wengi mno, ukisimama kuangalia mdoli unasukumwa hadi kwenye jibini.

Lakini nililolipenda kuliko yote ni kasri la Würzburg, wanaliita Residenz. Ngazi zake ni pana na fupi, goti halikulalamika. Juu ya ngazi dari lote limechorwa, na Mtaliano anaitwa Tiepolo, miaka ya 1752 na 1753. Mabara manne yapo pembeni, kila moja na mtu wake. Nikatafuta Afrika. Ni mwanamke amekaa juu ya ngamia! Nilimwambia binti huyu mchoraji hakufika ziwani, angetuchora kwenye mtumbwi. Nilisimama hapo nikiangalia nguo za wale watu, mikunjo ya vitambaa, hadi shingo ikagoma. Mlinzi akaniletea kiti bila kuombwa. Mji ule ulipigwa mabomu Machi 1945 ukaungua, na dari lile likasalia. Nilipoambiwa hivyo niliangalia tena.

Mkesha sasa. Tulialikwa na mama mwenye nyumba. Nilivaa gauni la kitenge, nikatia mafuta, nikajiandaa kwa karamu. Jamani! Mezani: kachumbari ya viazi vya kuchemsha, na soseji. Basi. Nikamwangalia binti, akanikanyaga mguu. Kumbe wengi ndivyo wanavyokula usiku huo, chakula kikubwa ni kesho yake. Na kweli, tarehe 25 alitoa bata bukini, kabichi la zambarau lililopikwa na tofaa, na matonge ya viazi. Yale matonge yanakamata mchuzi vizuri kabisa, niliyala kwa mkono alipogeuka.

Tarehe 26 zamu ikawa yetu. Tukapika pilau na yule Viktoriabarsch wa kukaanga, na dagaa pembeni. Asubuhi tunagundua kitunguu hakuna. Duka limefungwa tangu juzi. Baba wa Nyegezi ulinionya nami nikanunua kila kitu isipokuwa kitunguu! Binti akagonga ngazi nzima, ghorofa ya tatu wakatoa viwili. Walikuja kula pia. Mtoto wao alikula dagaa mmoja mmoja, anamwangalia kwanza macho. Madirisha tulifungua na baridi ile, kwa ajili ya harufu.

Köln sikufika, goti lilivimba baada ya kuanguka. Binti Ukerewe nisamehe, siku nyingine.

Mzee wa Belo, koti limebaki. Binti alilivaa siku ya mwisho kunisindikiza stesheni na hakulivua. Wenzake wawili wa wodini wameniagiza, wametuma vipimo na wanataka bitana ya kitenge hivyohivyo. Una sufu ndefu nyingine?

---

MzeeWaBelo

Karibu nyumbani dada. Ninayo mawili, moja la kijani lina kitundu mgongoni, utaliziba mwenyewe. Belo nafungua Jumanne saa moja asubuhi. Na kiberiti uje nacho, ila safari hii uchomee nyuma ya meza.